Vishubaka vya Bi Verna

Roxanne Pelkey alikuwa na majivuno, na msimlaumu. Mtu ameingia nyumba zaidi ya mia moja zilizojaa vitu hadi wenyewe wanaogopa kuziingia, akatoka na vidole vyake kumi, nyuma yake nyumba zinakalika. Huyo akijisifu kidogo dhambi yake ni ipi? Pale Duluth, Marekani, ukisema shangazi yako hafungui mlango kwa sababu haufunguki, vitu vimeuegemea kwa ndani, jina la kwanza utakalotajiwa ni lake. Alikuwa na pikapu moja kuukuu, watu wawili, na mdomo usiojua kunong'ona.

Watu hao wawili walikuwa Duane, binamu yake, bonge la mtu aliyewahi kushusha piano ghorofa tatu peke yake na hadi leo hajaacha kusimulia. Na Noreen, mwembamba, wa maneno machache, aliyeweza kumsikia panya ukutani kabla panya mwenyewe hajajijua kama yupo. Watatu hao ndio waliofika kwa Verna Haapala Jumatatu asubuhi, mwezi wa kumi, upepo wa ziwani ukikata masikio.

Mlangoni palikuwa na karatasi nyekundu ya jiji. Verna alikuwa ameifunika kwa shada la maua ya plastiki ili majirani wasiisome, kana kwamba majirani hawakuwa wameshaisoma siku ileile. Ilisema kwamba Ijumaa saa nane mchana mkaguzi atakuja na utepe wa kupimia. Akikuta njia wazi ya inchi thelathini na sita kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, na nafasi ya futi tatu kuizunguka mashine ya kupasha nyumba joto, karatasi itabanduliwa. Asipokuta, nyumba itapigwa kufuli kabla theluji haijaanza, na mwenye nyumba, mjane wa miaka sabini na sita, atafute pa kulala. Craig, mtoto wa kaka yake, alikuwa ameshamtafutia: chumba kimoja, ghorofa ya tatu, makao ya wazee upande wa pili wa mji. Hata pazia alikuwa ameshachagua.

Verna alipomweleza Roxanne habari ya lile pazia, sauti yake ilitetemeka, na si kwa huzuni.

"La kijivu," alisema. "Mimi na kijivu wapi na wapi? Nyumba hii nimeinunua kwa mshahara wangu, si wa mume. Nitatoka humu nimebebwa."

Roxanne alimpenda hapohapo. Kiburi hukijua kiburi mwenzake.

Basi kazi ikaanza, na Roxanne akawakumbusha wenzake masharti yaleyale anayowakumbusha kila nyumba mpya, wao wakisikiliza kama watu wanaosikiliza sala. Nyumba kama ile huingii kama unaingia sokoni. Barakoa usoni, glavu nene, viatu vyenye chuma kidoleni. Unaanzia mlangoni, unaingia pole pole, ili nyuma yako daima pawe na pa kukimbilia. Kinyesi cha panya hakifagiliwi kikavu hata siku moja, vumbi lake linaua watu. Unakilowesha kwa maji ya klorini, unangoja, ndipo unakipangusa. Rundo linashushwa kutoka juu. Si ubavuni, si chini, juu. Watu wamekufa kwa kuvuta gazeti moja la chini. Na sharti la mwisho, lile Duane alilolichukia kuliko yote: hakuna kitu kinachotoka nyumbani kabla mwenyewe hajakiona.

Sharti hilo lilikuwa na historia. Miaka ya mwanzo Roxanne aliwahi kulivunja. Watoto wa mzee mmoja walimpa funguo baba yao akiwa hospitalini, naye akaisafisha nyumba kwa siku moja, ikang'aa. Mzee aliporudi alikaa kwenye ngazi, hakutaka kuingia. Mwaka haukuisha nyumba ikajaa tena hadi darini, na safari hii hakumfungulia mtu yeyote, hadi jirani alipoanza kusikia harufu. Tangu hapo Roxanne aliapa, na kiapo chake alikishika.

Alikuwa na swali lake pia. Alilitunga mwenyewe, akajivunia, akalipaka rangi ubavuni mwa pikapu kwa herufi kubwa: KIBAKI AU KIENDE? Unamshikia mwenyewe kitu, unamuuliza, anajibu, unaendelea. Swali jepesi. Lilikuwa limemlisha miaka kumi na miwili.

Kwa Verna likagonga mwamba.

Walimkalisha kwenye kibaraza cha mbele, kile chenye vioo, amejifunga koti na shali, meza ndogo mbele yake. Noreen akamletea kifuniko cha mtindi. Kibaki au kiende? Verna akakishika. Akakigeuza. Akasema kifuniko kama kile kinafaa kuwekea mbegu za nyanya zikianza kuota. Akakumbuka nyanya za mwaka fulani, akamkumbuka aliyempa mbegu, akaanza kulengwalengwa na machozi. Dakika ishirini, kifuniko kimoja. Kikabaki. Kikafuata cha pili, nacho kilikuwa cha mtindi uleule, lakini kikaulizwa upya na kikabaki upya.

Kufika Jumanne jioni walikuwa wamefungua kibaraza na kipande cha korido ambacho Duane angeweza kukilalia tu akikunja miguu. Mbele yao bado kulikuwa na sebule iliyojaa hadi shingoni, jiko ambalo halikupikiwa miaka minne, mashine ya joto iliyozungukwa na magazeti kama mfalme na walinzi, na korido ya nyuma ambayo haikuwa korido tena, ilikuwa ukuta wa maboksi. Roxanne alipiga hesabu ya siku, akapiga tena. Kwa mwendo ule wangemaliza karibu na Pasaka.

Craig akapiga simu. Kesho asubuhi shangazi ana miadi ya macho, alisema, atakuwa hospitalini hadi mchana. Kontena la taka limeshasimama barabarani. Watu watatu wenye nguvu, saa nne nzima. Si mfanye tu? Roxanne akitaka barua ya ruhusa, yeye ataiandika. Hakuwa mtu mbaya, Craig. Alikuwa mtu aliyechoka kumpenda mtu asiyependeka kirahisi.

Duane aliposikia aliona mbingu zimefunguka. Alimwambia bosi wake waziwazi kwamba bora bibi alie ndani ya nyumba yake kuliko acheke chini ya pazia la kijivu. Usiku ule Roxanne aligeukageuka kitandani, na asubuhi alipoegesha pikapu bado hakuwa amekata shauri.

Verna alikuwa tayari kibarazani, mkoba mkononi, anangoja teksi. Alimtazama Roxanne moja kwa moja.

"Nikirudi nitakuta nini?"

Mtu anaweza kudanganya kwa simu, anaweza kudanganya kwa barua. Lakini uso kwa uso, na mwanamke aliyesimama wima namna ile, Roxanne hakuweza.

"Utakuta kama ulivyoacha," akasema, na Duane nyuma yake akashusha pumzi iliyosikika hadi barabarani.

Kwa hiyo walingoja. Watu watatu wa kazi, wamekaa! Ili mikono isilale, Noreen alikusanya karatasi tu, makaratasi yaliyotapakaa koridoni, akayatia kwenye makreti ya maziwa na kuyapanga kibarazani, yamngojee mwenyewe. Jirani mmoja, Bi Ahonen, akawaletea kahawa na mkate mtamu wa iliki wa moto, akawauliza kama ni kweli humo ndani kuna farasi aliyekaushwa. Duane akamwambia bado hawajafika chumba hicho.

Saa sita na nusu Verna akarudi, amevaa miwani mikubwa myeusi ya karatasi. Daktari alikuwa amemtia matone ya kupanua mboni; vya mbali aliviona, vya karibu vyote vilikuwa ukungu. Akaketi mahali pake, amenuna kwa kutosoma, na kwa kutojua la kufanya akaingiza mkono kwenye kreti la kwanza.

Hapo ndipo Roxanne alipokitua kikombe chake.

Mikono ya yule bibi ilikuwa ikienda. Haikupapasa, ilikuwa ikienda. Bahasha kushoto, tangazo la duka kulia, gazeti chini miguuni, kadi mbele, na kila moja ilitua juu ya mwenzake kingo kwa kingo. Kidole gumba kilisukuma, kiganja kilipokea, kifundo kilirusha. Macho yalikuwa yanatazama barabarani. Kreti likaisha, Noreen bila kusema akasogeza la pili, nalo likaenda. Makreti matano kabla kahawa haijapoa.

"Bi Verna, unafanya nini?" Roxanne akauliza.

"Nachambua."

Yakatoka sasa maneno ambayo ingepasa yatoke Jumatatu. Miaka ishirini na tisa Verna alikuwa mchambuzi wa barua katika posta ya mjini, kumi na moja ya mwisho akiwa msimamizi wa zamu. Barua thelathini kwa dakika, mbele ya kabati la vishubaka, vijichumba vidogo vya kutilia barua, kila kishubaka na mtaa wake. Vijana walioajiriwa walikuwa wakiletwa kusimama nyuma yake watazame tu.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," Verna akajibu, na mikono haikusimama. "Siku ya tatu hii, mwanangu, unaniuliza kibaki au kiende, kibaki au kiende, utadhani nimeshtakiwa. Kazini hakuna aliyeniuliza kama barua naipenda. Inakwenda wapi, basi. Ukijua inakokwenda, mkono unaachia wenyewe."

Roxanne aliinamisha kichwa. Wanaomjua watakuambia hilo halitokei. Swali lile lilikuwa lake, lilikuwa ubavuni mwa gari lake kwa rangi ya kung'aa, na mwanamke wa miaka sabini na sita aliyevaa miwani ya karatasi alikuwa amelivunja huku hata hatazami. Likamchoma. Kisha, maana alikuwa mtu wa kazi kabla ya kuwa mtu wa majivuno, akainuka.

"Duane," akasema, "nitolee lile kabati la vitabu. Lote."

Wakalisimamisha kibarazani, tupu, rafu sita, Noreen akaligawa kwa mbao likawa na vishubaka kumi na vinane. Kila kimoja kikabandikwa utepe wa karatasi, na Verna akadai anwani kamili. Kishubaka kisicho na anwani ni tundu tu, alisema. Duka la kanisa la kilimani, mtaa na namba. Shule ya msingi, chumba cha sanaa. Maktaba. Mnunuzi wa vyuma bandarini. Bi Ahonen, nyumba ya pili. Duane akauliza kwa kejeli kama jalala nalo lina anwani.

"Lina," Verna akasema. "Barabara ya ishirini na saba. Andika."

Na kishubaka kimoja kiliandikwa Verna Haapala, na namba ya nyumba ileile. Roxanne alitaka kukifanya kikubwa zaidi kuliko vingine, kumridhisha. Verna akakataa. Posta kishubaka kikijaa kimejaa, hukandamizi barua za watu. Kikijaa, kinachotaka kuingia kitoe kilichomo.

Jamani, ungekuwapo! Vitu vilikuwa vinatoka ndani kwa mnyororo, Duane anashusha marundo kutoka juu, Noreen anabeba, Roxanne anashika mbele ya bibi, na swali sasa lilikuwa moja tu, tena fupi: kwa nani? Vifuniko vya mtindi, mia tatu na kitu, vikaenda kwa mwalimu wa sanaa bila mjadala. Masufuria yaliyotoboka, bandarini. Vitambaa, kanisani. Chakula kilichooza, Barabara ya ishirini na saba, na yule aliyelia juu ya kifuniko kimoja hakupepesa jicho. Matone ya daktari yaliisha nguvu alasiri, akaanza kuviona vitu sawasawa, Roxanne akaogopa kwamba mchezo umekwisha. Haukuisha. Verna aliona, akataja anwani, akaachia.

Akawa bosi pia. Mtu akipewa cheo chake cha zamani humsahau upesi aliyempa. Alimkemea Duane kwamba anatembea kama mtu anayesindikiza maiti. Alimwambia Noreen anafaa, angemwajiri. Roxanne alipopanga maboksi ya maktaba migongo huku na huku, aliambiwa ayapange upya, naye akayapanga. Duane alimtazama binamu yake akitii amri, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeona samaki akipanda ngazi.

Alhamisi wakafika kwenye mashine ya joto, na hapo majivuno yakamwadhibu mwenyewe. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri mno, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Magazeti yalikuwa yamepanda kupita kichwa, na Roxanne, kwa haraka na kwa furaha, aliona furushi moja linalochomoza usawa wa kiuno. Akalivuta. Rundo zima likaguna, likaja. Alifunikwa hadi kifuani, mgongo umebanwa kwenye bomba, na vumbi la miaka likajaa chumba. Duane alimfukua kwa mikono, akirusha magazeti kama mbwa anayefukua mfupa, na safari hii hakuwa na mzaha mdomoni. Hakuvunjika kitu. Goti lilivimba tu.

Alipoinua macho, Verna alikuwa amesimama mlangoni, glavu mikononi, barakoa usoni.

"Aliyesema juu kwanza ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, Bi Verna."

"Basi msikilize. Ni mtu anayejua kazi yake."

Roxanne alicheka hadi goti likamuuma zaidi. Kufika jioni mashine ilikuwa imesimama peke yake, futi tatu kila upande, na Noreen alikuwa ameipangusa hadi namba zake zikasomeka. Sebule ilikuwa sebule. Jikoni palionekana sakafu, ya manjano, na Verna aliikanyaga polepole kwa soksi kama mtu anayejaribu maji ya ziwa.

Ikabaki korido ya nyuma.

Ijumaa asubuhi walikuwa pale mapema kuliko siku zote. Ukuta ule wa maboksi ulitoka sakafuni hadi darini, na ulipangwa vizuri, jambo ambalo Roxanne alilitambua mara moja na halikumfurahisha. Marundo mengine ya nyumba ile yalianguka tu yalipoanguka. Hili lilikuwa limejengwa. Duane akapanda ngazi, akashusha boksi la kwanza kutoka juu kabisa, Roxanne akalifungua mbele ya Verna. Lilikuwa na nyuzi za kufumia, rangi ya zambarau iliyokolea, mabonge ishirini, bado na karatasi za dukani.

"Kwa nani?"

Mkono wa Verna uliokuwa umenyooka ukarudi mapajani.

Likashushwa la pili. Sindano za kufumia, za mti, na sweta la kike. La tatu, sahani za keki. Kwenye pembe ya kila boksi kulikuwa na jina moja kwa kalamu nzito, na mwaka. Irja. Irja. Irja. Irja alikuwa mdogo wake Verna. Waliishi mitaa miwili mbali, wakifuma pamoja kila Jumatano, na Irja alikuwa amekufa miaka kumi na moja iliyopita. Roxanne alitazama mwaka ulioandikwa kwenye boksi aliloshika. Ulikuwa wa juzijuzi tu.

"Nikipita dukani nikiona kitu cha kumfaa," Verna akasema. "Naona mkono umeshalipa."

Saa tano. Walikuwa na saa tatu. Duane juu ya ngazi akakohoa, na Roxanne akamwinulia mkono akae kimya. Alijua vizuri kilichokuwa mbele yake. Angeweza kuamuru maboksi yale yapite dirishani, yote, dakika arobaini, na karatasi ile nyekundu ingebanduka. Angeweza pia kumwambia bibi maneno matamu. Alikuwa nayo mengi ya kuwaambia watu waliokwama, alikuwa ameyatumia miaka kumi na miwili. Akayaacha yote. Akachutama, goti likalia, akamuuliza jambo ambalo hakulijua kwa kweli.

"Msimamizi," akasema, "posta mlifanyaje, barua ikija na mwenye jina amekufa?"

Nje lori la takataka lilipita na kupotea.

"Inarudi kwa aliyeituma."

"Na yeye asipoitaka?"

"Inaandikwa kwamba mtumaji hapokei. Kisha msimamizi wa zamu anaamua." Alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la shali, akaivaa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyaficha. "Nipe kalamu."

Akaivuta meza karibu. Akaliinamia boksi la kwanza, akalipiga jina la Irja mstari mmoja, mnyoofu, kwa mwandiko wa mtu aliyeandika fomu nyingi maishani, na chini yake akaandika: Mtumaji hapokei. V. Haapala. Kisha akaandika anwani ya akina mama wa kanisa wanaofuma kila Jumatano, akalisukuma.

"Zambarau," akasema. "Irja asingevaa zambarau hata angeshikiwa bunduki. Sijui nilikuwa nawaza nini. Haya, lingine."

Maboksi sitini na manne. Aliyasaini yote, moja moja, hakuruka hata moja, na hakuruhusu mtu amsaidie kuandika. Sahani zilikwenda kwa Bi Ahonen, masweta kwenye duka la kanisa. Boksi moja dogo alilifungua, akatazama ndani, hakusema kilichomo, na kwenye kishubaka chake mwenyewe akatoa redio akaliweka hilo. Redio akampa Duane. Duane, mtu mzima, akageuka ukutani kujifanya anakaza ngazi.

Saa nane kasoro dakika kumi Noreen alikuwa anapangusa kizingiti cha mlango wa nyuma, amepiga magoti, na kopo la klorini pembeni. Bawaba zililia, lakini mlango ulifunguka, na upepo wa ziwani ukapita nyumba nzima kutoka nyuma hadi mbele. Ulikuwa haujapita miaka kumi na moja.

Mkaguzi aliitwa Lindahl, mtu mrefu, mpole, mwenye mafua. Alipima mlango wa mbele. Akapima korido, akainama, akapima tena kwa kuwa hakuamini: inchi arobaini na moja. Akaizunguka mashine ya joto pande zote nne. Akasimama sebuleni, akatazama maandishi yake ya mwezi uliopita, akatazama sakafu. Alisema kwamba amekagua nyumba miaka kumi na tisa na hajaiona moja ikifika hapa kwa wiki. Angependa kujua nani ameifanya, ili jina alitaje kwingine.

Mkono wa Roxanne ulikuwa umeshaingia mfukoni, mahali kadi zake za biashara zinapokaa. Miaka yote hiyo ndiyo dakika aliyoipenda kuliko malipo.

"Nimeifanya mimi," Verna akasema. Alikuwa amesimama katikati ya sebule yake, kidevu juu, mikono imefumbatana mbele. "Hawa watatu walinibebea."

Duane akafungua mdomo. Roxanne akamkanyaga kwa kiatu chenye chuma.

"Ni kweli," akamwambia mkaguzi. "Sisi tulibeba tu."

Na siku zote alizojisifu, hakuna aliyojiona mkubwa kama ile. Bwana Lindahl akapiga chafya, akatia saini, akatoka, akalisogeza lile shada na kuibandua karatasi nyekundu kwa kucha, pole pole, asichune rangi.

Walipokuwa wanafunga turubai juu ya pikapu, Duane alinung'unika kwamba jina lake lingependeza kwenye ripoti ya jiji. Roxanne akamuuliza alibeba au hakubeba. Akasema alibeba. Basi, akamwambia, akafunga kamba.

Ndipo wakamwona Verna. Alitokea upande wa nyumba, amevaa koti, anatembea. Akapanda ngazi za mbele, akaingia ndani, wakamsikia hatua zake zikipita korido nzima bila kusimama, mlango wa nyuma ukalia, na baada ya kitambo akatokea tena kule upande wa nyumba. Hakuwatazama. Akapanda ngazi, akaingia. Bi Ahonen alikuwa ametoka na sahani mkononi, naye akabaki amesimama. Mara ya tatu alipoizunguka pembe ya nyumba, Duane alikwishakimbilia ngazini, akashika kitasa amfungulie, maana bibi alikuwa anahema.

"Acha," Verna akamwambia. "Mlango wangu nafungua mwenyewe."